Honi Niliyoirekodi Nyamwage

Watu wa Kibiti wananijua kwa sabufa. Sabufa ikikoroma, ikipasuka, ikipigwa na radi, italetwa kwenye kibanda changu karibu na stendi. Mwenye nayo atachungulia ndani, ataniona nimekaa na ushungi wangu na chuma cha kulehemu mkononi, kisha atauliza, "Fundi yupo?" Zamani nilikuwa najibu kistaarabu. Siku hizi nasema, "Katoka, njoo kesho," na kesho akija ananikuta mimi tena. Sina subira na mtu anayekataa kuona kilicho mbele ya macho yake. Nimelelewa na watu wa namna hiyo, wakanimalizia subira yote kabla sijaota meno ya ukubwani.

Baba yangu alikuwa dereva wa treni. Ukisema hivyo huku kwetu watu wanacheka, maana reli haipo, na kule Ruaruke, kwao baba, wapo wazee ambao treni wameiona kwenye runinga tu. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliondoka kijana, akaajiriwa reli huko bara, akaanza kwa kufagia mabehewa mpaka akakalia kiti cha kwenye kichwa cha treni. Mama alimfuata. Mimi nimezaliwa huko, kwenye nyumba za wafanyakazi, vikombe vikigongana kabatini kila treni ikipita.

Mjomba wangu naye alikuja. Kaka yake mama, tumbo moja, mtu wa Mbwera aliyezoea mitumbwi na mashamba ya mpunga. Mama ndiye aliyemwita: njoo, huku kuna biashara, utakaa kwetu mpaka usimame. Akaja na magunia ya kamba wakavu, akaweka meza pale kwenye kivuko cha reli, mahali ambapo barabara inakatisha reli. Alikuwa mpole, hana makuu. Mimi mtoto nilikuwa napitia mezani kwake nikitoka shule, ananitilia kamba kwenye kiganja, nakula njia nzima.

Siku moja treni ya baba ilimgonga mtu pale kivukoni. Alikuwa anakokota baiskeli yenye magunia ya mkaa, akafa palepale. Sasa, sheria ya reli ni kwamba kabla ya kivuko dereva anapiga honi, ndefu, isikike. Baba alisema alipiga. Msaidizi wake alisema hakumbuki. Wakamwuliza muuza kamba, ambaye kutoka mezani kwake angeweza kulitupia treni kokoto, naye akasema, "Sikusikia honi."

Baba akafukuzwa kazi.

Mama alimngoja kaka yake mlangoni. Nilikuwepo, niliyasikia yote. "Umekula kwangu, umelala kwangu, leo unamchongea mume wangu?" Mjomba akasema, "Dada, sikumchongea. Nimeulizwa, nikajibu." Mama akamwambia masikio yake mabovu, na moyo wake mbovu kuliko masikio. Mjomba aliinama, akafunga virago, akarudi zake Mbwera. Na sisi tukarudi Kibiti na godoro juu ya basi.

Tangu siku hiyo mama hakumsalimu kaka yake. Mjomba alivuna mpunga, akatuletea gunia kwa boti. Mama aliligeuza hukohuko gatini likarudi Mbwera, halikuguswa. Alituma salamu za Idi, hazikujibiwa. Halafu mjomba akafa. Kwetu unaweza kununiana na mtu mpaka mkaota mvi, ila msiba hauachwi. Mama aliuacha. Nilikwenda peke yangu, nikakaa kwenye mkeka na kina mama wa Mbwera, kila anayeingia ananiuliza, "Mamako yuko wapi?" Nikasema anaumwa. Niliporudi nilimkuta uani anatwanga mpunga, mzima wa afya, wala hakuniuliza mazishi yalikuwaje.

Kwa hiyo mtu asiniambie honi ni kitu kidogo. Nyumba yetu ilisimama juu ya ile honi. Kama baba alipiga, basi mama alikuwa na haki yake. Kama hakupiga, mama alimwacha kaka yake azikwe bila dada kwa sababu kaka alisema kweli. Na mimi niliiamini honi. Shuleni Kibiti nilipigana na wasichana wakubwa kuliko mimi waliosema baba kaua mtu. Nina kovu hapa kwenye nyusi mpaka leo, na kovu hilo nalo nililipatia honi.

Baba alipozeeka alianza kutengeneza treni. Alichukua bati, vipande vya mninga kutoka kwa seremala, na vile vipande vya alumini vinavyobaki kwa mafundi madirisha ndiyo akafanya reli. Aliipanga juu ya meza ndefu ya mbao pale uani, ikazunguka ikapita kwenye stesheni ya boksi, daraja la vijiti, na kivuko. Ndiyo, kivuko alikiweka. Kichwa cha treni kilikuwa na urefu wa mkono wangu, kimepakwa rangi vizuri, madirisha, ngazi, kila kitu. Mota tuliitoa kwenye mashine mbovu ya kuchapishia, betri ya bodaboda. Siku kilipotembea mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaruka ukuta. Wakatazama, wakasifu, kisha mmoja, mtu wa maneno, akasema, "Mzee, mbona treni lako bubu?"

Watu walicheka. Baba hakucheka. Jioni alikuja kibandani kwangu, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akasema, "Mwanangu, kazi yako sauti. Ipe sauti."

Mama akanifuata kesho yake, yeye na haja yake moja. "Usisahau honi. Pale kivukoni. Nataka watu waisikie." Alikuwa ameshaanza kualika watu.

Haya. Spika ndogo niliipata, bodi ya memori kadi niliipata, amplifaya nikaiunga mwenyewe ikakaa ndani ya tumbo la kichwa cha treni. Tatizo likawa sauti zenyewe. Nilipakua kwenye mtandao, nikamwekea baba asikilize. Alisikiliza kidogo akatikisa kichwa: "Hili la Ulaya. Langu halikuwa linalia hivi." Nikamletea jingine. "Hili limeshiba sana." La tatu alisema lina mafua. Wallahi nilitaka kumtupia simu.

Basi nikaanza kutafuta huku huku kwetu. Muungurumo niliupata Ruaruke, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ile ya dizeli ya zamani. Niliweka simu karibu na bomba la moshi, nikatoka mweusi usoni. Baba alipousikia alisema, "Naam, hapo sasa." Ule mlio wa magurudumu yakivuka maungio ya reli, ta-ta, ta-ta, niliupata kwa mama. Alitwanga yeye na jirani, michi miwili kwenye kinu kimoja, wanapokezana. Mama alifurahi mno. Akaniambia, "Kwa hiyo na mimi nimo ndani ya treni?" Nikamwambia, "Umo, mama."

Honi niliifuata Nyamwage. Pale barabarani malori ya kwenda Lindi yanasimama, madereva wanakula. Nikamwendea mmoja wa lori la saruji, yuko na sahani ya wali mbele yake, nikamwambia, "Kaka, samahani, nakuomba unipigie honi, ndefu, nirekodi." Alinitazama kama nimetoroka wodini. Mama ntilie akacheka, "Mpigie tu, huyo fundi wa Kibiti, ana mambo yake." Akapanda, akaipiga, kuku wakatawanyika, mtoto akalia. Nyumbani nikaipunguza kasi kwenye kompyuta mpaka ikawa nzito, imejaa kifua. Baba alipoisikia alisimama wima. Akashika ukingo wa meza. Nikajisifu moyoni, nikasema leo nimempata mzee.

Ikabaki kuzipanga. Treni likianza kutembea linagusa swichi chini ya reli, sauti inaanza, nayo ni moja tu, ya mzunguko mzima. Lazima nijue mafuta yanaongezwa wapi, breki wapi, honi wapi. Nikamwuliza baba aniambie, akawa ananichanganya, mara hapa, mara pale. Nikaona isiwe tabu. Nikamweka kwenye kiti, nikamfungia vitu vitatu kwenye ubao mbele yake: kitasa cha redio ndiyo mafuta, mkono wa breki ya baiskeli ndiyo breki, kitufe cha kengele ya mlangoni ndiyo honi. Nikamwambia, "Baba, fumba macho. Endesha kutoka stesheni ya kwetu mpaka upite kivuko, kama ulivyokuwa unaendesha. Usinieleze. Endesha tu, mimi nachukua mikono yako kwa simu."

Akafumba macho. Mwanzoni aliona haya, kisha mikono ikazoea. Akabonyeza honi ya kuondoka. Akafungua mafuta taratibu, akaongeza. Nyuma yangu nilimsikia mama jikoni anakuna nazi. Kwenye kona, honi. Kabla ya daraja, honi. Kidole kilikwenda chenyewe, hakukitafuta. Mabega yake yalikuwa yanacheza kidogo kama mtu aliye safarini kweli, na uso ulikuwa wa kijana. Nilimwonea fahari baba yangu. Nasema hili kwa sababu baada ya hapo sikumwonea tena.

Akapita daraja. Mkono wa kushoto ukabaki kwenye mafuta. Mkono wa kulia, ule wa honi, ukaacha ubao, ukashuka pembeni ya kiti, ukaokota kitu ambacho hakikuwepo. Vidole vikazungusha kifuniko. Ukapanda mdomoni. Kichwa kikainama nyuma kidogo, koo likameza.

Halafu mkono ule ule ukarukia breki, ukaibana mpaka ubao ukalia.

Akafumbua macho. Tulitazamana. Aliitazama simu.

"Imeshika?" akaniuliza.

"Imeshika."

"Ifute."

Nikamwambia, "Baba, honi ulipiga?"

Alikunjua na kukunja vidole. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ili jikoni pasisikike: "Chai alinitilia mamako kwenye chupa. Tangu alfajiri sijaweka kitu mdomoni. Nikasema nipige funda moja tu."

Nilimchukia. Sitalipamba neno hilo. Nilimchukia kwa yule mtu wa baiskeli, nikamchukia kwa mjomba na kiganja chake cha kamba, nikamchukia kwa lile gunia la mpunga lililogeuzwa gatini. Nikamwambia, "Uliwaacha wamwite mjomba mwongo. Mpaka kaburini!" Akasema, "Ningemwambia mamako nini? Ataishi vipi?" Nikasema, "Mjomba aliishi vipi?" Alifuta uso kwa kofia yake. Akaniambia niweke honi pale kivukoni, ndefu, tumalize mambo. Nikasema siweki, ng'o, labda nife.

Mama akatokea mlangoni na kifuu mkononi, jasho linamtoka, anatabasamu. "Mmefika wapi? Honi imekaa?"

Nilifungua mdomo. Nilimtazama alivyosimama pale, mama yangu, aliyemtupa kaka yake wa damu kwa ajili ya honi.

"Imekaa," nikasema.

Na nikaiweka. Ijumaa baada ya swala watu walijaa uani. Mama alipika pilau. Baba alivaa kanzu nyeupe, akaliwasha, na treni likaondoka stesheni likiunguruma mashine ya Ruaruke, likatwanga ta-ta, ta-ta juu ya daraja, na lilipokaribia kivuko honi ikalia, ndefu, nzito, watu wakashtuka wakapiga makofi. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mmesikia?" akawa anazunguka anamwuliza kila mtu. "Mmesikia? Hiyo! Ndiyo hiyo hiyo niliyoisikia mimi siku ile niko jikoni! Nilisema mimi!"

Lori la saruji. Nilitoka nje nikakaa kwenye tofali. Baba alinitazama kupitia mlangoni, akageuza uso.

Ningeweza kuishi na hilo, nadhani. Watu wanaishi na makubwa zaidi. Lakini wiki ile ile mama alikuja kibandani, amevaa baibui jipya, ananiambia nimwekee ile honi kwenye simu yake. Nikamwuliza ya nini. Akasema, "Naenda Mbwera. Moyo wangu umetulia sasa. Nataka nimsamehe kaka yangu."

Nilimtazama nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia: "Nimsamehe. Maiti hapaswi kuwekewa kinyongo. Alikosea, basi, kwani nani hakosei?"

Nilimwekea, nikaenda naye. Sikutaka aende peke yake, na nilijidanganya kwamba njiani atabadili nia. Boti ilipita kwenye vijito vya mikoko, mama kakaa mbele kashikilia mkoba, uso wake mweupe kwa furaha, anasalimiana na kila mtumbwi. Miaka yote ile hakukanyaga kwao. Gatini Mbwera wazee wachache walimtambua, wakamsalimu kwa mshangao. Mkaza mjomba, mjane wa mjomba, alikuwa anaanika mpunga. Alipomwona mama aliacha mpunga, akasimama, hajui akimbie kumkumbatia au afunge mlango. Kisha akasema, "Karibu, wifi."

Walilia pamoja. Tulipelekwa makaburini, mama akasoma Fatiha, akainama, akasema kwa sauti tuliyoisikia sote, "Kaka, nimekusamehe. Nimekusamehe mbele ya Mungu." Nilishika mti wa uzio kwa hasira.

Tuliporudi nyumbani kwa mjane akatutilia chai. Mama akatoa simu. "Wifi, sikiliza. Hii ndiyo honi aliyoipiga mume wangu siku ile." Akabonyeza. Uani pa Mbwera lori la Nyamwage likalia. Mbuzi wakainua vichwa.

Mkaza mjomba alisikiliza mpaka ikaisha. Akaomba irudiwe. Mama akairudia. Mjane akajifuta macho kwa pembe ya kanga, akasema, "Maskini mume wangu. Unajua mpaka anakufa alikuwa anauliza? Akisikia adhana ananiuliza, wameadhini? Akisikia boti ananiuliza, hiyo boti au masikio yangu? Alikuwa hajiamini tena. Anasema, huenda dada anasema kweli, huenda niliisikia nisijue. Basi kumbe alikuwa kiziwi, na sisi hatukujua."

"Alikuwa kiziwi," mama akasema kwa huruma. "Tumemsamehe."

Hapo ndipo nilipoishiwa. Niliweka kikombe chini. "Mkaza mjomba," nikasema, "hiyo honi ni ya lori la saruji. Nimeirekodi mimi, Nyamwage, mtu anakula wali. Baba hakupiga honi. Alikuwa anakunywa chai. Ameniambia kwa kinywa chake."

Kuku walikuwa wanadonoa mpunga ulioanikwa, hakuna aliyewafukuza. Mkaza mjomba alinitazama muda mrefu, akamtazama mama, akanitazama tena. Kisha akasema taratibu, "Alhamdulillahi. Basi masikio yake yalikuwa mazima." Akainuka, akaingia ndani, tukamsikia anamwambia mtu au anajiambia mwenyewe, "Yalikuwa mazima."

Nilimgeukia mama. Nilidhani atalia, nilikuwa tayari kumshika. Alikuwa ananitazama, na uso huo niliujua. Niliuona nikiwa mtoto, mlangoni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli.

"Nimekuzaa," akasema. "Nimekulea. Leo unamchongea babako?"

"Mama, sijamchongea. Nimesema lililokuwepo."

"Masikio yako mabovu," akasema. "Na moyo wako pia."

Kwenye boti alikaa mbele, kanipa mgongo. Tulipofika nchi kavu alipanda bodaboda yake, hakugeuka. Tangu siku hiyo salamu zangu hazijibiwi. Nilimnunulia kitenge cha Idi, nikampa kijana wa bodaboda apeleke. Kitenge kilirudi kwa bodaboda hiyo hiyo, hakijakunjuliwa. Baba anakuja kibandani mara moja moja. Anakaa kwenye kigoda cha wateja, anazungusha kofia, ananiomba nichaji betri ya treni. Mimi nachaji, nampa, anaondoka nayo ameipakata. Nimewahi kumwambia, "Baba, mwambie wewe." Akasema atamwambia.

Jana nilikwenda tena. Nilisimama nje ya mlango wa uani, nikapiga hodi, nikasema, "Mama, ni mimi." Ndani nikasikia hatua zake, kisha swichi ya treni. Ikaanza mashine ya Ruaruke. Ikafuata michi, ule wa mama mwenyewe na wa jirani, ta-ta, ta-ta. Kisha lori langu likalia pale kivukoni, refu, zito, nyumba nzima ikajaa. Nilisubiri liishe. Nikapiga hodi tena, naye akaliwasha tena.